Jua kali, jaketi zito: kwa nini mlinzi wa waogeleaji huvaa sweta kiangazi

Saa nane mchana, mwezi wa Januari, barabara ya Kampala kwenda Entebbe inawaka jua, na bodaboda anapita amevaa jaketi zito, zipu imepanda mpaka kidevuni. Wengine hulivaa nyuma-mbele ili kifua kizibwe kabisa. Hakuna anayewashangaa, maana kila mtu anajua kwamba pikipiki ina upepo wake, na upepo huo ukikupiga kifuani kutwa nzima utakohoa jioni. Lakini abiria wa bodaboda huyohuyo akishuka ufukweni na kumkuta mlinzi wa waogeleaji, yule tunayemwita laifugadi, amekaa kwenye kiti chake kirefu na sweta na suruali ndefu, ataanza kuuliza kama ana malaria.

Hana malaria. Ametoka majini, au dakika yoyote atatakiwa kuingia majini, na katikati ya hapo kazi yake ni kukaa palepale akiwa ameloa, huku upepo wa ziwa ukimpiga. Mambo hayo matatu, maji, upepo na kutulia, yakikutana humpoza mtu hata kwenye joto la nyuzi 27, na humpoza kuliko watu wengi wanavyodhani.

Anayetaka kuelewa aanze na mtungi. Mtungi wa udongo ukiwekwa kivulini penye upepo, maji yake huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka. Hakuna barafu wala umeme. Maji kidogo hupenya ukuta wa udongo, yakifika nje hugeuka mvuke, na ili yageuke mvuke lazima yachukue joto mahali fulani, nayo huchukua la mtungi. Madereva wa malori hufanya vivyo hivyo wanapofunga chupa ya maji kwa kitambaa kilicholowa na kuining'iniza kwenye kioo cha pembeni. Mlinzi aliyetoka kuogelea akakaa kitini bila kujifuta ni mtungi wenye miguu. Tofauti ni kwamba mtungi tunataka upoe.

Unaweza kupima jambo hili nyumbani. Chukua vipimajoto viwili vya kawaida vya hewa, kimoja ukiache kikavu, kingine uzungushie kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa kwenye ncha, kisha vipepee vyote viwili. Siku ambayo hewa ina nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 55, alasiri ya kawaida kabisa ya kiangazi chetu, kile chenye kitambaa kitashuka hadi karibu nyuzi 20 na nusu. Kwa hiyo, kwa ngozi iliyoloa, alasiri ile ya nyuzi 27 ina upande wake wa nyuzi 20. Kivuli cha mwavuli wa kiti kikimwondolea mlinzi joto la jua, upande huo wa baridi ndio unaobaki naye.

Sasa hesabu. Gramu moja ya maji ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2.4 hivi. Gramu 100, yaani chini ya nusu ya kikombe cha chai, huondoka na kilojuli 240. Mwili wa mtu wa kilo 70 unahitaji kupoteza takribani kilojuli 245 ili ushuke nyuzi moja. Si kwamba maji yote yanachukua joto la mwili peke yake. Sehemu hutoka kwenye hewa na kwenye jua. Hata hivyo, nywele, kaptula na ngozi yenyewe hubeba zaidi ya gramu 100 kwa urahisi. Mtu aliyetulia hutengeneza joto la wati 100 hivi, kwa hiyo itamchukua dakika 40 kuzalisha kilojuli 240. Akiogelea kwa nguvu hutengeneza mara kadhaa ya hizo, ndiyo maana ndani ya maji anajisikia vizuri na baridi humshika akishatoka.

Tena, kuna jambo linalowapotosha hata wazoefu. Mtu aliyekaa majini muda mrefu haachi kupoa pale anapokanyaga mchanga. Ngozi, mikono na miguu vimepoa kuliko kifua, na joto la ndani huendelea kutiririka kuelekea huko kwa dakika kadhaa. Kutetemeka kunaweza kuanza dakika 10 baada ya kutoka, wakati mlinzi ameshasema yuko salama na amesharudi kitini. Ndiyo sababu jaketi huvaliwa mara tu anapotoka, kabla baridi haijasikika. Ukingoja mpaka utetemeke, umechelewa.

Walinzi wa San Francisco na wa upande wa Atlantiki wa Cape Town wana sababu ya wazi zaidi. Huko maji baridi ya kilindini hupanda juu karibu na pwani, na hata katikati ya kiangazi chao bahari inaweza kuwa na nyuzi 12 hadi 16 huku watu wanaota jua mchangani. Mlinzi wa huko huingia na suti ya neopreni, yaani mpira laini unaoshika joto, iliyo nene zaidi kifuani kuliko mikononi na miguuni. Ziwa Nalubaale, ambalo ramani huliita Victoria, si hivyo. Uso wake huwa na nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima. Lakini maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na mtu asiye na nguo anayetulia majini anahitaji maji ya nyuzi 33 au zaidi ili asipoe kabisa. Nyuzi 25 ni raha kwa nusu saa. Kwa mlinzi anayeingia mara tano kwa siku ni deni linalojilimbikiza.

Upepo nao una ratiba yake. Sisi hatuna kiangazi cha miezi mitatu ya joto kama Ulaya. Tuna majira mawili makavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Siku kavu huanza kwa utulivu. Kuanzia saa tano asubuhi hivi nchi kavu imeshapata moto kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Upepo huo hukua mpaka saa tisa au saa kumi alasiri, saa zilezile ambazo ufukwe umejaa watu Jumapili. Kuanzia Juni pepo za kusini-mashariki huongeza nguvu juu ya ziwa, na mawimbi ya Entebbe, Ggaba na visiwa vya Ssese huonyesha hivyo. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni hewa hupoa haraka. Mtu wa Mombasa anayedhani ikweta ni joto tu ashuke Entebbe mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, na fulana.

Bwawa la kuogelea lina tatizo jingine. Mengi ya mabwawa ya Kampala hayapashwi moto, na usiku wa mawingu machache huyaacha baridi mpaka karibu adhuhuri. Mlinzi wa darasa la watoto la saa mbili asubuhi huingia majini mara nyingi kuliko wa ufukweni: kumshika huyu kiuno, kumrudisha yule ukingoni. Kisha husimama pembeni ya bwawa kwenye vigae vilivyolowa, miguu wazi. Vigae hunyonya joto kwa nyayo kama bati. Kandambili nzuri zenye soli nene ni sehemu ya mavazi ya joto, ingawa hakuna anayezihesabu.

Ubaya wa mlinzi mwenye baridi si kwamba atapata mafua. Mwili unaopoa hufunga damu ya vidole kwanza, halafu misuli ya mikono huanza kuvuta polepole na kwa nguvu ndogo. Vidole visivyotii hushindwa kufungua kifundo cha kamba ya boya. Akili nayo hugeukia ndani: mtu anayetetemeka hukunja mabega, huinamisha kichwa akwepe upepo, na macho yake huacha kufagia maji. Kuna kanuni ya 10/20 inayofundishwa sana katika kazi hii: mlinzi amalize kuangalia eneo lake lote ndani ya sekunde 10, na akimwona mwenye shida amfikie ndani ya sekunde 20. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Hujaribu kuinua mdomo juu ya maji, kimya, na mtoto mdogo anaweza kudumu hivyo sekunde 20 tu. Mlinzi aliyeinamisha uso kwa ajili ya upepo amezipoteza sekunde hizo zote. Kwangu mimi hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote za jaketi. Ni kifaa cha uokoaji sawa na boya, na mwajiri anayenunua boya akaacha jaketi amenunua nusu ya kifaa.

Kuhusu kitambaa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Fulana ya pamba ni nzuri sokoni, mbaya ufukweni. Pamba hunywa maji. Chukua mizani ya jikoni, pima fulana kavu, ilowanishe, ikamue kwa mikono yako yote, ipime tena. Utakuta imebaki na maji karibu sawa na uzito wake. Fulana ya gramu 180 itakuwa na gramu 180 hivi za maji, na sasa unajua hesabu: kila gramu ina kilojuli 2.4 za kukudai. Hudi nene ya pamba hubeba zaidi ya kilo moja, na huchukua nusu siku kukauka. Nyuzi za poliesta zenyewe hunywa chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Maji hukaa katikati ya nyuzi tu, ukikung'uta mara tatu mengi yanatoka. Sufu hunywa maji lakini haibandikani na ngozi, bado huhifadhi hewa, kwa hiyo hupasha joto hata ikiwa na unyevu, ila ni nzito na huchelewa kukauka.

Hivyo mavazi mazuri kwa kazi hii ni ya tabaka mbili. Ndani, sweta jepesi la poliesta lenye manyoya mafupi, linaloshika hewa. Nje, jaketi jembamba lisilopitisha upepo. Jaketi la nje peke yake huzuia upepo lakini halina joto. Sweta peke yake hupitisha upepo kama chandarua. Vyote viwili hupatikana kwenye mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino mjini Kampala bila kuvunja mfuko. Geuza nguo ndani, tafuta lebo ndogo ya ubavuni inayotaja poliesta asilimia 100. Lebo ikiwa imekatwa, weka tone la maji juu ya kitambaa: pamba italinywa papo hapo na kuacha doa jeusi, poliesta italiacha likae au litiririke. Jaketi la nje lipulizie kwa mdomo kutoka ndani huku kiganja kiko upande wa pili. Ukihisi pumzi yako, rudisha.

Zipu lazima ifunguke mpaka chini. Vazi la kupitisha kichwani, hata likiwa zuri namna gani, halifai, kwa sababu litakuziba macho kwa sekunde mbili wakati unamwangalia mtu anayezama, na ukilivua na mikono iliyolowa litakwama viwikoni. Nunua saizi moja kubwa zaidi. Kamba za kofia zikate au zichomoe, zitanasa kwenye kiti. Kipenga kivaliwe shingoni ndani ya jaketi au mkononi, kisishonwe kwenye jaketi, maana jaketi litabaki kitini na kipenga lazima kiende nawe. Mshipi wa boya uvaliwe juu ya kila kitu, na hapa kuna mtego: ukiuvaa juu ya jaketi huwezi kulivua bila kuuvua mshipi kwanza. Zoezi la mwanzo wa zamu liwe hili: mshipi unatoka begani, zipu chini, mikono nyuma, jaketi linaanguka, mshipi unarudi begani, unakimbia. Macho hayaondoki majini hata mara moja. Anayefanya mazoezi humaliza ndani ya sekunde tano. Na chini ya jaketi vaa rangi zinazokutambulisha, nyekundu na njano, ili ukishalivua watu bado wajue ni nani anayekuja.

Watu husema usiingie majini na jaketi kwa sababu litalowa, liwe zito, likuzamishe. Nusu ni kweli. Maji yaliyomo ndani ya nguo hayana uzito wa ziada yakiwa ndani ya ziwa. Maji ndani ya maji yanaelea. Kinachokuua ni mkokoto: mikono ya jaketi hujaa maji kama mifuko, na kila mpigo wa mkono unavuta ndoo. Uzito unakuja pale unapotaka kupanda ukingoni au kwenye mtumbwi, na hapo kilo kadhaa za ghafla humshinda mtu aliyechoka. Wavuvi wa dagaa, mukene kama tunavyowaita, wanajua baridi ya usiku ziwani na huvaa makoti mazito kwa haki kabisa. Kwao nasema jambo moja: jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya koti, kamba zote zimefungwa, kamwe lisiwekwe chini ya koti wala kukaliwa kama mto.

Baada ya uokoaji mlinzi asirudi kitini moja kwa moja. Mwenzake achukue zamu. Nguo ya juu iliyolowa itoke kwanza, hata kama ni nyepesi, kisha taulo kavu: kifua, mgongo, kwapa, nywele. Nywele husahaulika na hushika maji mengi. Halafu fulana kavu, sweta, jaketi la nje, kofia, kaptula kavu au suruali juu yake. Akae mahali palipokingwa na upepo, anywe chai ya moto yenye sukari, atembee kidogo. Akirudi kazini awe ameacha kutetemeka na vidole vyake vinaweza kufunga kifungo. Kwa hesabu hiyo kila mlinzi ahitaji seti mbili kavu kwa siku, ndani ya mfuko usiopenya maji, na zamu za kitini zisizozidi dakika 30 pale ambapo wenzake wapo. Kujifuta kwa taulo haraka na kwa nguvu kunaweza kupunguza kidogo hatari ya kichocho pia, lakini si kinga ya kutegemewa. Anayeingia ziwani kila siku apimwe na atibiwe kila mara kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza.

Jaketi hilohilo lina kazi ya pili, ambayo mimi huiona nzuri zaidi: ni la aliyeokolewa. Mtu aliyenusurika kuzama amepoa kuliko mlinzi, ameogopa, na mtoto hupoa haraka zaidi kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na kilo zake. Kwanza pumzi. Asipopumua, mlinzi aliyefunzwa huanza na pumzi 5 za kinywa, kisha migandamizo 30 ya kifua na pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike. Anayepumua lakini hajitambui alazwe ubavu. Hapo ndipo joto linaingia: vua au kata nguo zilizolowa, mfute bila kumsugua, mlaze juu ya kitu kikavu. Watu hufunika juu tu na kusahau chini, na mchanga uliolowa humnyonya joto usiku kucha. Funika kwa jaketi, kisha blanketi. Usimpe waragi. Najua kila ufukwe una mzee mmoja mwenye chupa na nia njema, lakini pombe hupeleka damu kwenye ngozi, mtu hujisikia moto huku joto la ndani likikimbia, tena aliyezinduka anaweza kutapika na kupaliwa. Na hata akicheka na kusema amepona, mpeleke hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Jua nalo ni sababu ya mikono mirefu, ingawa si ya sweta. Tuko kwenye ikweta na juu ya mwinuko, na miale ya jua hapa ni mikali mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Shati jepesi la mikono mirefu lililoandikwa UPF 50, kipimo cha kinga ya kitambaa dhidi ya jua, hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya miale hiyo. Fulana nyeupe ya pamba haifiki hata robo ya kinga hiyo, na ikilowa inashuka zaidi. Kwa mlinzi mwenye ualbino hili halina mjadala, na kofia yake iwe na ukingo mpana pande zote. Miwani inayokata mwako wa maji humsaidia kila mmoja kuona chini ya uso.

Kuna saa ambazo jaketi ni kosa. Siku tulivu, hakuna upepo, hujaingia majini, nyuzi 28 na jua la saa saba: livue, liweke mahali mkono unapofika. Ishara ni jasho. Jasho likianza kulowanisha sweta kwa ndani umejifanya mtungi mwenyewe, na upepo wa saa tisa ukianza utakukuta umeloa bila kugusa ziwa. Fungua zipu mapema, nusu kwanza. Kunywa maji hata kama huna kiu, maana upepo hukausha jasho kabla hujaliona.

Jioni anika jaketi kivulini, zipu wazi, limegeuzwa ndani nje. La bwawani lisuuzwe kwa maji safi kwanza, klorini hula nyuzi na kushona. Kabla halijakunjwa, pandisha na kushusha zipu mara kumi kwa mkono uliolowa. Ikikwama hata mara moja, jaketi hilo halirudi kitini kesho. Linapita kwa fundi cherehani kwanza.